Trekta Iliyovunjika Mgongo Ruiru

Kazi niliianza kwa kutukanwa. Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja, karakana moja ya Thika karibu na reli. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimevaa shati langu la kanisani, nikidhani fundi ni mtu wa kupendeza. Fundi Mkuu, Mhindi wa kilemba ambaye ndevu zake zilifungwa kwa wavu ili zisishikwe na mashine, alinitazama kutoka juu mpaka chini akaniuliza kama nimekuja kuoa. Kisha akanipa brashi ya waya na debe la mafuta ya taa, akanionyesha rundo la vyuma vilivyoganda grisi. "Osha. Spana wewe nashika siku mimi nasema." Alisema baada ya miezi saba.

Yule simchukii. Matusi yake yalikuwa na kazi ndani yake. Nyinyi mnaopeleka magari gereji za mtaani pale Kimbo, mkaambiwa na mtu mwenye simu mkononi kwamba kompyuta imekataa, hamjui fundi anavyofundishwa. Mimi nilifundishwa kusikiliza injini kwa kuweka bisibisi juu ya chuma na mpini wake kwenye sikio. Nilifundishwa kukaza bolti za kifuniko cha injini kwa kuanzia katikati na kwenda nje, kidogo kidogo, mara tatu, ili kifuniko kisipinde. Na nilifundishwa kupiga alama.

Alama nitaieleza, maana kisa chote kimesimama hapo. Ukimaliza kukaza bolti, unachukua patasi ya chuma na nyundo ndogo, unachora mstari mmoja unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kushuka mpaka kwenye chuma inachoshika. Bolti ikilegea hata nusu ukucha, mstari unaachana, na kila mtu anaona. Na kila fundi alikuwa na mstari wake. Wangu ulikuwa mmoja na nukta pembeni. Ya Gakuru ilikuwa miwili, imekaa karibu karibu. Fundi Mkuu alikuwa akipita nyuma yetu na taa, na akikuta bolti haina mstari, alifungua kazi yote hata kama imekazwa vizuri. "Hii bolti ya nani? Hapana mwenyewe? Fungua!"

Gakuru ndiye aliyenipa spana yangu ya kwanza. Alinitangulia miaka mitano kazini, mtu mfupi, mabega mapana, mwenye kinywa kisichojua kunyamaza. Alikuwa akibishana na bolti zenye kutu kana kwamba ni wakwe zake. "Aterere, sikiliza wewe, toka kwa amani!" Na ilikuwa inatoka. Sijaona tena mikono kama ile. Nawaambia hivi mapema ili mjue ni fundi wa aina gani ninayemzungumzia, kwa sababu wapo wanaomzungumzia siku hizi na hawakumjua.

Mwaka wa hamsini na nne kampuni yenye karakana ilituhamisha sisi wawili mpaka karakana ya shamba lake la kahawa upande wa Ruiru. Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni kupambana na wapiganaji wa msituni, ilikuwa imeshaingia. Sisi Wakikuyu hatukuweza kutoka hapa kwenda pale bila pasi yenye mhuri, na wake zetu walikuwa wakihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Unaamka asubuhi hujui kama jioni utalala kwako. Katika hali hiyo ndipo tulipokabidhiwa kwa Bwana Foreman.

Foreman tulimwita Kihara kwa sababu ya upara wake, ingawa si mbele yake. Alikuwa mzungu aliyetengeneza malori ya jeshi wakati wa vita, na hilo alikuambia kabla hujamaliza kumwamkia. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Usimdhanie mjinga wa kazi, hapana. Alijua injini. Alichokosa ni masikio, na mtu mwenye madaraka asiye na masikio ni hatari kuliko breki mbovu.

Shambani palikuwa na trekta moja kuukuu ya kabla ya vita, ya zile unazowasha kwa petroli, ikishapata moto unaigeuzia mafuta ya taa. Siku moja ilikimbizwa bila maji, injini ikapasuka ubavuni, ufa wa kupitisha kidole. Spea zake zilikuwa haziletwi tena. Meneja wa shamba akataka kuitupa. Kihara akasema la, yeye ataitia injini ya lori la jeshi, silinda sita, iliyokuwa imekaa stoo chini ya turubai. Meneja akafurahi, akamwita injinia. Tangu siku hiyo Kihara akavimba kichwa.

Sasa sikilizeni vizuri, hata kama hujawahi kushika spana. Lori lina chesisi, yaani reli mbili ndefu za chuma, na injini imekaa tu juu yake kama mzigo. Trekta ile haikuwa na chesisi. Mbele kuna ekseli, katikati injini, nyuma gia boksi, na vitu hivyo vitatu vimefungana kwa bolti. Injini yenyewe ndiyo mgongo. Ndiyo maana injini ya trekta huwa nzito namna ile, chuma kinene mpaka chini. Injini ya lori chini yake kuna sampu ya bati, ya kushika oili basi. Haikutengenezwa kubeba kitu. Ukiiweka mahali pa mgongo, umemtia mtu mgongo wa bati halafu unamtwika gunia.

Mimi ndiye niliyeliona. Nataka liandikwe hivyo. Ilikuwa saa nne, tumekaa nje tunakunywa uji, nikamwambia Gakuru: "Hii kitu itavunjika katikati. Tungetia reli mbili, moja kila upande, kutoka ekseli ya mbele mpaka gia boksi, zibebe uzito." Gakuru akaacha uji, akaingia, akaizunguka trekta mara mbili akiwa amechuchumaa. Aliporudi alikuwa ameshakasirika. "Kweli kabisa. Kwa nini hujamwambia?" Nikamwambia mimi siwezi, nina pasi moja na mtoto mchanga, amwambie yeye, yeye ni mkubwa. Alivaa kofia yake. Halafu akaenda.

Kihara alikuwa anachomelea ile sahani, kipande cha chuma cha kuunganisha injini ya lori na gia boksi ya trekta, kwa sababu matundu yao hayakulingana. Hakupata chuma kipana cha kutosha, kwa hiyo aliunga vipande viwili kwa welding. Gakuru alivua kofia. "Bwana, hii itavunjika. Inataka reli mbili pembeni."

Kihara aliinua ile miwani nyeusi ya kuchomelea. "Nani nauliza wewe?"

"Hakuna, bwana. Lakini itavunjika."

"Wewe iko injinia? Wewe napewa spana, hapana napewa kichwa. Funga bolti!"

Tulifunga bolti. Gakuru alifunga zote za sahani, kumi na mbili, mbele na nyuma, na akapiga mistari yake miwili kwenye kila moja huku akisonya. Alizikaza mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Fundi mwingine aliyetukanwa vile angeziacha ovyo. Yeye la. Alikuwa hawezi kazi mbaya, hata kumkomoa mtu.

Wiki tatu trekta ilifanya kazi. Meneja alileta wageni kuitazama, Kihara akawa anapigapiga boneti akieleza. Wiki ya nne Wekesa, dereva wa trekta hiyo, mtu wa magharibi aliyekuwa mpole mpaka unamwonea huruma, alikuwa akivuta trela la mbolea akavuka mtaro ulio chini ya kiwanda cha kahawa. Ekseli ya mbele ilipanda ukingo wa pili, trela likamrudisha nyuma, na trekta ikavunjika katikati. Ilikaa chini kama mtu aliyechoka. Mguu wa kushoto wa Wekesa ulikuwa kwenye pedeli ya klachi, na chuma kikaufungia humo humo. Tulimtoa kwa jeki na mitaimbo, naye anaomba msamaha, ati ameharibu trekta. Anaomba msamaha!

Kabla Wekesa hajafikishwa hospitali, Kihara alikuwa ameshapiga simu. Kwa hospitali alituma dereva wa lori. Simu yenyewe alimpigia Bwana D.O., ofisa wa serikali wa wilaya, aseme karakana yake ina mtu wa msituni aliyeharibu mashine makusudi. Gakuru alifungwa pingu akiwa bado na damu ya Wekesa kwenye mikono.

Asubuhi mkewe, Mama Wairimu, alikuja mpaka kwenye lango la karakana, pasi mkononi. Hakulia. "Baba Ndung'u, wewe ulikuwepo tangu mwanzo. Utasema?"

"Nitasema yote," nikamwambia. Haki ya Mungu nilimaanisha.

Bwana D.O. alifika saa tano na homugadi wawili, askari wa kienyeji wa serikali. Alikuwa kijana, Kiswahili chake kizuri kushinda cha Kihara. Walimleta Gakuru wakamsimamisha kando ya ile trekta iliyovunjika. Kihara akanyoosha kidole. "Huyu nafungua bolti. Na iko ushahidi. Wiki nne nyuma yeye nasema kwa mimi, 'itavunjika.' Yeye najua namna gani?"

Mmesikia? Mtu anakuonya, unamtukana, unaharibu, halafu onyo lake ndilo unalomfungia. Nimeishi miaka mingi na nimeona uovu wa kila namna, lakini ule ulikuwa peke yake.

Bwana D.O. akamgeukia Gakuru. "Ulisema itavunjika?"

"Nilisema."

"Ulijuaje?"

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Hakunitazama. Hakunitupia hata kijicho. "Mimi ni fundi, bwana. Nikitazama naona."

"Wewe mwingine una neno?" akaniuliza mimi.

Nikapiga moyo konde. Nikajitokeza, nikamwonyesha alama. Bolti moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili, mistari miwili haijaachana hata kwa unywele. Nikamwonyesha sahani ilivyopasuka kwenye ile welding, chuma kinang'aa kipya ndani ya ufa. Bwana D.O. alipiga goti kwenye oili na kaptura yake nyeupe, akapitisha ukucha kwenye mistari. "Bolti hizi hazikulegea," akasema. Kihara aligeuka mwekundu mpaka utosini. Mimi nikaona mlango umefunguka.

Kihara akasema, "Basi yeye nakata chuma. Yeye peke yake najua itavunjika."

Bwana D.O. alisimama, akanitazama mimi. "Ni kweli alijua yeye peke yake? Wewe pia ulijua?"

Hapo ndipo. Swali lilikuwa jepesi. Ningesema, ndiyo bwana, nilijua, mimi ndiye niliyejua kwanza, na fundi yeyote mwenye macho angejua. Watu wawili wakijua, si siri tena wala si njama, ni ufundi. Nadhani angetuacha. Au angetubeba wote wawili, sijui. Niliwatazama wale homugadi na bunduki zao. Nikasema, "Hapana, bwana. Mimi sikujua."

Wakamchukua. Alipopita mbele yangu alisema tu, "Zile spana zangu zifunge kwa kitambaa chenye oili, zisishike kutu."

Hasira yangu kwa Kihara ningeweza kuibeba, ni hasira safi. Wiki mbili baadaye aliniita, akanipa karatasi yenye mchoro wa penseli. Zilikuwa reli mbili! Moja kila upande, kutoka ekseli ya mbele mpaka gia boksi. "Tengeneza," akasema, na kwa mara ya kwanza hakunitazama usoni. Kwa hiyo alikuwa amemsikia Gakuru, neno kwa neno, na alijua ni kweli, na mtu yuko kambini kwenye joto la kule nyanda za chini anavunja mawe. Nilizitengeneza reli zile. Nilikata, nikatoboa, nikafunga. Trekta ile ilivuta trela mpaka baada ya Uhuru, haikupasuka tena, na Meneja akawa anamsifu Kihara kwa kuboresha kazi yake. Wekesa alirudi kwa magongo kuchukua blanketi lake kabla ya kwenda kwao. Aliniambia alisikia mlio mmoja tu, kaa! Akasema bolti ikilegea hulia siku nyingi kabla. "Hakuna aliyeniuliza," akasema. Kweli, hakuna.

Gakuru alikaa kizuizini miaka minne. Aliporudi vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki, vilipondwa na jiwe. Spana hakuweza kushika. Na hata angeweza, kila karakana ya Thika na Ruiru ilikuwa na jina lake: mharibu mashine. Nilimpelekea spana zake hazina kutu hata chembe. Alizipokea, akanishukuru, akaziweka chini ya kitanda. Akafungua kibanda huko Witeithie, akawa anatengeneza stovu na karabai kwa mkono wa kushoto. Hakuwahi kuniuliza neno. Mimi nikawa nampitia Jumapili baada ya kanisa, tunaongea habari za mvua.

Mimi nilipanda. Uhuru ulipokuja wazungu wakaanza kuondoka, na mwishowe nikapewa kiti kile kile cha Foreman. Nilifundisha watu wengi, nikapiga kelele nyingi, na wote nimewafundisha kupiga alama. Walinisifu sana siku ya kustaafu, wakanipa saa ya ukutani. Mkurugenzi alisema katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumwangusha mwenzangu. Nilikunywa soda yangu. Nikienda nyumbani niliona aibu hata kuitazama saa yenyewe.

Kabla sijarudisha funguo za ofisi, nilikuwa nimeandika barua kwa mhuri wa karakana: kwamba mimi Foreman nathibitisha kuwa Gakuru alifunga bolti zote ipasavyo, na sahani ilivunjika kwa ubaya wa muundo wake. Nikampelekea Witeithie. Aliisoma akiwa ameishikilia mbali na macho, akairudia. "Bolti umeziandika vizuri," akasema. "Na yale maneno kwamba itavunjika, mbona hujaandika yalikuwa ya nani?" Akaikunja, akanirudishia. "Kaimalize, halafu uilete." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Niliiweka kwenye sanduku. Sikuimaliza. Mara mgongo unauma, mara mjukuu amekuja, mara kesho. Mwaka mmoja ukaisha hivyo, na wa pili, na Gakuru akafa.

Kwenye mazishi diwani mmoja alishika kipaza sauti. Kijana wa suti, hajawahi kuona trekta ikifunguliwa. Akasema mzee wetu alikuwa shujaa, alivunja trekta ya mkoloni kwa mikono yake, alilegeza bolti zote bila mtu kumwona. Watu wakapiga makofi! Wanawe wakapiga makofi, wanajivuna. Ngai! Kihara alisema uongo huo ili amfunge, na sasa sisi tunausema ili tumsifu, na yule mtu ambaye hakuacha bolti hata moja ovyo katika maisha yake anazikwa nao.

Nikasimama. Sikuomba nafasi, nikachukua kipaza sauti mkononi mwa yule diwani. Nikawaambia: Gakuru hakulegeza kitu. Bolti kumi na mbili, mistari miwili kila moja, nilizikagua mimi. Trekta ilivunjwa na ujeuri wa Foreman. Na maneno yaliyompeleka kizuizini yalikuwa yangu, mimi ndiye niliyemtuma ayaseme, na nilipoulizwa nikasema sikujua. Nilisema yote kwa hasira, na nyingi ya hasira hiyo haikuwa ya diwani. Hakuna aliyepiga makofi.

Mama Wairimu alikuwa ameketi mstari wa mbele, kitambaa cheupe kichwani, fimbo magotini.

"Kaa chini, Baba Ndung'u," akasema. "Aliniambia utayasema siku ambayo yeye hayupo kuyasikia."

Nikakaa.